Mkazo wa spoki: jinsi ya kukaza gurudumu la baiskeli libebe mzigo bila kukata spoki

Gurudumu linaweza kuwa limenyooka kabisa na bado likawa bovu. Ukilizungusha haliyumbi wala halirukiruki, mteja anaridhika, analipa na kuondoka. Wiki chache baadaye anarudi, spoki mbili zimekatika upande wa friwili (meno ya nyuma yanayovutwa na mnyororo). Kilichokosekana siku ile hakionekani kwa macho: mkazo wa spoki haukutosha, au haukuwa sawa kutoka spoki moja hadi nyingine. Kunyoosha gurudumu ni nusu ya kazi. Mwongozo huu unahusu ile nusu nyingine.

Mfano wangu ni gurudumu la nyuma la baiskeli nyeusi ya mizigo, ile ya ringi za inchi 28 × 1½, ambayo kwa desturi huwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Ndiyo inayobeba mkaa na madumu ya maji, ndiyo inayobeba abiria Shinyanga, na ndiyo inayoteremsha mikungu ya ndizi kutoka milima ya Bugarama hadi Bujumbura. Kwa baiskeli ya gia yenye ringi za inchi 26 kanuni ni zilezile, na pale zinapotofautiana nitasema.

Kwa nini spoki hukatika

Ukimuuliza mtu, atakwambia mzigo umezidi au spoki ni nyembamba. Mara nyingi jibu si hilo, na ukianza na jibu lisilo sahihi utanunua spoki kila mwezi.

Spoki ni waya. Haiwezi kusukuma, inaweza kuvuta tu. Kila spoki huivuta ringi kuelekea katikati, na spoki 36 zikivuta kwa kilo 100 kila moja, ringi inabanwa kwa jumla ya kilo 3,600 hata kama gurudumu limetundikwa tu ukutani. Ukipanda baiskeli, ringi hubonyea kidogo sana pale inapokanyaga ardhi, na spoki chache zilizo chini wakati huo, tatu hadi tano hivi, hupungukiwa na mkazo. Zile za juu haziongezeki kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mzigo unabebwa na spoki za chini kwa kupoteza sehemu ya mkazo zilionao. Zikiwa na mkazo mwingi tangu mwanzo, hupoteza kiasi na kubaki zimekaza. Zikiwa na mkazo mdogo, zinalegea kabisa kila zinapofika chini.

Hapo ndipo uharibifu unapoanza. Spoki iliyolegea hucheza ndani ya tundu la habu (kitovu cha gurudumu), kona yake inapindwa kidogo, kisha gurudumu linageuka na kona ileile inavutwa tena. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa karibu mita 2.2, kwa hiyo kila kilomita moja spoki hupita chini mara 450 hivi. Safari ya kilomita 20 ni mara 9,000. Chuma kinachopindwa na kunyooshwa namna hiyo huchoka, ufa mdogo hujitokeza kwenye kona karibu na kichwa, na siku moja spoki inakatika mtu akiwa anaendesha taratibu kwenye lami. Ndiyo maana watu hushangaa kwamba haikukatika siku walipoingia shimoni.

Sasa angalia hesabu hii, maana inabadilisha jinsi fundi anavyochagua spoki. Spoki ya chuma yenye unene wa mm 2.0 (namba 14) na urefu wa mm 290, ikivutwa kwa kilo 100, hurefuka kwa karibu mm 0.45 tu. Hiyo ndiyo akiba yake yote. Ringi ikibonyea kuliko akiba hiyo, spoki inalegea. Spoki nene ya mm 2.3 (namba 13), ikivutwa kwa kilo zilezile 100, hurefuka mm 0.35 tu, akiba yake ni ndogo zaidi, hivyo kwa mkazo uleule italegea mapema kuliko ile nyembamba. Spoki nene ina nguvu zaidi ya kustahimili kuvutwa, hilo ni kweli, lakini inadai ikazwe zaidi ili ifanye kazi yake. Anayebadilisha spoki zote kuwa nene na kuzikaza kama alivyokaza za zamani amelipa fedha kununua tatizo lilelile.

Vifaa

Spana ya spoki inayokamata nipeli (kinati kidogo kinachoshika ncha ya spoki kwenye ringi) bila kucheza. Ile ya duara yenye meno ya saizi nyingi, inayouzwa kila kona, mara nyingi huwa na nafasi inayozidi, na ukishafika kwenye mkazo mkubwa hula pembe za nipeli zikawa mviringo. Nunua spana ya saizi moja inayolingana na nipeli zako, ibonyeze kwa vidole kabla ya kulipa uone kama inacheza.

Bisibisi bapa, chaki, oili nyepesi kama ya cherehani, glovu nene au matambara mawili, na kipande cha waya mgumu. Stendi ya kunyooshea ikiwepo ni vizuri, lakini fremu ya baiskeli iliyogeuzwa miguu juu inatosha kabisa: funga kipande cha waya kwenye fremu, ncha yake ikaribie ukingo wa ringi, nacho ndicho kipimo chako. Simu yenye programu ya kupimia sauti ya gitaa itakusaidia sana, na nitaeleza namna ya kuitumia. Kipima mkazo, kama kile TM-1 cha kampuni ya Park Tool ya Marekani, ni kifaa kizuri kwa fundi anayesuka magurudumu mengi. Hakikisha tu una jedwali lake, kwa sababu namba inayosomeka kwenye kipimo si kilo. Ni lazima uitafsiri kufuatana na unene wa spoki na chuma chake.

Kabla ya kukaza

Nachukulia umeshasuka, kila spoki iko mahali pake na nipeli zimeshika.

Nyuzi za spoki zinataka oili, na pale nipeli inapokalia ringi panataka oili. Tone moja kila mahali. Bila oili, nguvu unayoitia kwenye spana inaishia kwenye msuguano: unahisi spoki imekaza kumbe nipeli ndiyo imekwama. Kwenye ringi za chuma zilizokaa dukani hadi zikapata kutu kidogo ndani ya matundu, hatua hii ndiyo inayotofautisha kazi ya saa moja na kazi ya mchana mzima.

Kisha weka nipeli zote mahali pamoja. Chukua bisibisi, anza kwenye tundu la valvu, na kaza kila nipeli mpaka uzi wa mwisho wa spoki uzame tu ndani ya nipeli. Zote zikifika alama ileile, gurudumu linakuwa na mwanzo ulio sawa. Spoki zikiwa fupi kidogo na uzi hauzami wakati zimeshaanza kuvuta, chagua alama nyingine, kwa mfano nyuzi mbili ziendelee kuonekana, lakini iwe hiyohiyo kwa zote za upande mmoja.

Jambo la tatu watu wengi huliruka: kulaza spoki. Spoki inatoka kwenye habu ikiwa na kona yake ya kiwandani, na mara nyingi haielekei moja kwa moja kwenye tundu la ringi. Inatoka na tao, kisha inajipinda kuelekea ringi. Bonyeza kila spoki kwa kidole gumba karibu na habu mpaka ilale vizuri na kuelekea ringi bila tao. Habu za bei nafuu za bati lililokandamizwa zina mashavu (sahani za pembeni zinazoshika spoki) membamba na matundu makubwa, kona ya spoki inaelea humo. Washa ndogo ya shaba chini ya kichwa cha spoki inaondoa mwanya huo. Kwa baiskeli ya mizigo nasisitiza washa hizi hata kama mwenye baiskeli anaona ni gharama ya bure, kwa sababu kona isiyokaa imara itakatika hata ukikaza vizuri namna gani.

Kupandisha mkazo

Kumbuka upande wa kuzungusha. Ukitazama nipeli kutoka upande wa tairi, kama vile unatumia bisibisi, kukaza ni kufuata mshale wa saa. Ukitumia spana ukiwa unatazama kutoka kwenye habu, inageuka. Gurudumu likiwa limepinduliwa kwenye fremu, mikono huchanganyikiwa upesi, basi jaribu nipeli moja na uone kabla hujaendelea.

Kuanzia tundu la valvu, zungusha kila nipeli nusu mzunguko, moja baada ya nyingine, mpaka urudi kwenye valvu. Zungusha tena nusu. Usiruke hata moja. Spoki zikianza kukataa kulegea ukizibonyeza, punguza ziwe robo mzunguko kila duru. Kila duru moja au mbili simama, angalia gurudumu, sahihisha kasoro kubwa, kisha endelea. Anayekaza upande mmoja mpaka mwisho halafu akageukia mwingine hujifanyia kazi ngumu: ringi inakwenda kando, na kuirudisha kunataka uvutane na mkazo ambao wewe mwenyewe umeuweka.

Mzunguko mmoja wa nipeli ya spoki ya mm 2.0 husogeza uzi kwa karibu mm 0.45. Linganisha na ile akiba ya spoki niliyoitaja na utaona kwa nini robo mzunguko si jambo dogo mwishoni mwa kazi.

Mpangilio wa kusahihisha ni huu: kwanza kuruka (ringi kupanda na kushuka), kisha kuyumba (kwenda kulia na kushoto), kisha kukaa katikati ya fremu, na rudia. Kuruka kunatangulia kwa sababu ni kazi nzito kurekebisha kukiwa na mkazo mkubwa, wakati kuyumba kunarekebishika mpaka dakika ya mwisho. Pale ringi ilipopanda, yaani ilipo mbali na habu, kaza spoki za pande zote mbili kwa kiasi sawa. Pale ilipozama, zilegeze za pande zote mbili kwa kiasi sawa. Ukishika jozi, kulia na kushoto pamoja, ringi inasogea juu au chini bila kwenda kando.

Kukaa katikati hupimwa kwa kulitoa gurudumu, kuligeuza kushoto kuwa kulia, na kulirudisha kwenye fremu au foku (uma wa mbele). Ncha ya waya wako ikiwa na nafasi ileile kwa ringi baada ya kugeuza, ringi iko katikati. Isipokuwa hivyo, sogeza kwa kukaza spoki zote za upande mmoja robo mzunguko na kulegeza zote za upande wa pili.

Spoki inayojinyonga

Spoki ikikazwa sana hujisokota pamoja na nipeli kabla nipeli haijateleza kwenye uzi. Unadhani umekaza robo mzunguko, kumbe umeinyonga spoki tu. Mteja akipanda, spoki zinajinyoosha kwa sauti ya tik tik tik katika mita chache za kwanza, na gurudumu linaanza kuyumba. Sauti hiyo ndiyo inayomfanya mteja aseme fundi huyu hajui.

Dawa yake: peleka nipeli mbele kuliko unavyotaka, kisha irudishe. Ukitaka robo, nenda robo na kidogo, halafu rudi hicho kidogo. Kujua unavyonyonga, bandika kipande cha utepe kwenye spoki kama bendera, uone inavyogeuka unapokaza. Spoki nyembamba, na zile zilizopunguzwa unene katikati, hujinyonga zaidi. Spoki nene za mm 2.3 kidogo sana.

Kusikiliza mkazo

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayomfaa fundi asiye na kipimo. Spoki iliyokazwa ikigongwa au kukwanyuliwa kwa kidole hulia kama waya wa gitaa, na sauti hupanda kadiri mkazo unavyopanda. Kwanyua kila spoki mahali pamoja, katikati ya ringi na pale inapopishana na nyingine, na usikilize upande mmoja wa gurudumu peke yake. Spoki za upande mmoja zina urefu mmoja na unene mmoja, hivyo sauti zikilingana, mikazo inalingana. Usilinganishe kulia na kushoto, nitaeleza kwa nini.

Sikio la kawaida hutambua tofauti bila mafunzo. Ile iliyolegea inatoa sauti ya chini, butu. Ile iliyozidi inatoa sauti kali. Weka alama ya chaki kwenye zinazojitenga. Kama una simu, programu ya gitaa itakuonyesha hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba mkazo hupanda kwa mraba wa sauti: hezi zikiongezeka mara mbili, mkazo umeongezeka mara nne. Kwa hiyo tofauti ndogo ya sauti ni tofauti kubwa ya mkazo. Nusu toni moja tu ya muziki ni karibu asilimia 12 ya mkazo.

Kwa namba: spoki ya mm 2.0, urefu mm 290, ikivutwa kwa kilo 100 hulia karibu hezi 340. Spoki zinapogusana kwenye mapishano sauti husogea kidogo, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama mzani. Itumie kulinganisha. Kiwango kinachokubalika kwa mafundi wengi ni kila spoki kutotoka nje ya asilimia 20 juu au chini ya wastani wa upande wake. Wastani ukiwa hezi 340, hiyo ni kati ya 305 na 370 hivi. Mimi kwa baiskeli ya mizigo sitosheki na asilimia 20. Gurudumu jipya lenye ringi mpya linaweza kuletwa ndani ya asilimia 10 kwa subira, na kila asilimia unayoipunguza ni spoki ambayo haitalegea kabla ya wenzake.

Hapa ndipo kunyoosha na kukaza vinapokutana. Sema ringi imekwenda kulia mahali fulani. Fundi mwenye haraka atakaza spoki ya kushoto, basi. Wewe kwanza kwanyua. Kama spoki ya kulia pale ina sauti kali kuliko wenzake, ilegeze hiyo. Kama ya kushoto ina sauti butu, ikaze hiyo. Kama zote mbili ni za kawaida, gawanya: legeza moja kidogo, kaza nyingine kidogo. Kwa njia hii kila unaponyoosha unasawazisha mkazo pia. Ukikaza tu kila mahali, gurudumu litanyooka huku mkazo ukizidi kuwa wa ovyo.

Na kuna siku sauti itakwambia habari mbaya. Ringi imekwenda kulia, lakini spoki za kulia pale tayari zimelegea na za kushoto zinalia kwa ukali. Spoki zinavuta upande unaotakiwa na ringi haisikii. Maana yake ringi yenyewe imepinda. Hakuna kukaza kutakakoiponya. Utainyoosha kwa macho na itakata spoki. Legeza spoki za sehemu hiyo, ikunje ringi irudi kwa mikono au kwa goti juu ya ubao, kisha ukaze upya. Ringi iliyokunjamana ibadilishwe. Pale kwenye kiungo cha ringi, palipochomelewa, vumilia tofauti kidogo, kwani pale ringi ni ngumu kuliko kwingine.

Kiasi gani kinatosha

Kwa ringi za alumini zenye spoki 32 au 36, lengo la kawaida ni kilo 100 hadi 120 upande wa gia nyuma, na 90 hadi 110 mbele, mradi mtengenezaji wa ringi hajaweka kikomo cha chini zaidi. Kikomo hicho mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko cha ringi, kwa kilo au kwa nyutoni (kilo 100 ni karibu nyutoni 980). Kiheshimu. Ringi ya alumini iliyokazwa kupita kiasi hupasuka kuzunguka matundu ya nipeli, na nyufa hizo hazina matengenezo.

Ringi za chuma za baiskeli za mizigo kwa kawaida haziji na maandishi yoyote. Kwa spoki 40 za nyuma mimi hulenga kilo 80 hadi 100, na hupendelea zote ziwe 85 zilizolingana kuliko nusu 110 na nusu 60. Spoki nyingi zinagawana mzigo, hivyo hakuna haja ya kuhatarisha matundu.

Kwenye gurudumu la nyuma lenye gia nyingi, kulia na kushoto havilingani kamwe, na si kosa lako. Friwili au kaseti (rundo la meno ya gia) inakula nafasi, shavu la kulia la habu linasogea karibu na katikati, na spoki za kulia zinasimama wima kuliko za kushoto. Ili ringi ikae katikati, spoki za kulia lazima zivute zaidi. Uwiano ni wa umbali: shavu la kulia likiwa mm 18 kutoka katikati na la kushoto mm 36, mkazo wa kushoto utakuwa nusu ya wa kulia. Hivyo kaza kulia mpaka kiwango chako, na kushoto kutajipanga kwenyewe ringi ikifika katikati. Kwa habu nyingi za gia, kushoto huangukia kati ya asilimia 50 na 65 ya kulia. Usijaribu kuvilazimisha vilingane; utaitoa ringi katikati. Kwenye baiskeli nyeusi ya gia moja tofauti hii ni ndogo.

Huna kipimo wala simu? Tafuta gurudumu zuri la aina hiyohiyo, lililobeba mizigo kwa miaka bila kukata spoki. Lisikilize, shika spoki zake mbili mbili ubane, kariri ugumu wake. Kisha lifanye lako lifanane nalo.

Kubana spoki

Gurudumu likishanyooka na kukaza, vaa glovu. Shika spoki mbili zinazoenda sambamba upande mmoja kwa mkono wa kushoto, na mbili za upande wa pili kwa mkono wa kulia, ukazibane kwa nguvu zako zote. Zunguka gurudumu zima hivyo. Kubana huku kunavuta spoki kuliko zitakavyovutwa barabarani, na kile chuma cha kwenye kona, kilichopindwa kiwandani na kubaki kikijivuta chenyewe ndani kwa ndani, kinapata kutulia. Pia spoki inakaa vizuri kwenye habu na nipeli kwenye ringi. Gurudumu lililobanwa vizuri hudumu muda mrefu kuliko lisilobanwa hata kama mkazo wao ni mmoja. Kazi hii haichukui dakika tano na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Baada ya kubana, zungusha. Likiyumba kidogo, ni kawaida. Sahihisha, bana tena, rudia mpaka kubana kusibadilishe kitu. Lakini likijipinda ghafla, sehemu mbili zikaenda kulia na mbili kushoto, ringi inakwambia mkazo umefika mwisho wake. Legeza nipeli zote nusu mzunguko, nyoosha, bana upya. Usimwachie mteja gurudumu lililo karibu na mpaka huo, maana shimo moja litamalizia ulichoanza.

Kabla ya kufunga utepe wa ringi, pitisha kidole ndani. Spoki iliyochomoza juu ya nipeli itatoboa tyubu. Ikate na upige tupa.

Baada ya mzigo wa kwanza

Mwambie mwenye baiskeli arudi baada ya siku chache za kazi, bila malipo. Kwanyua spoki zote tena. Gurudumu lililokazwa ipasavyo litahitaji kuguswa sehemu mbili tatu tu. Nipeli zikiwa zimejifungua zenyewe, mkazo ulikuwa mdogo. Pandisha zote robo mzunguko. Usitafute gundi ya kuzizuia, kwa sababu nipeli hufunguka tu pale spoki inapolegea kabisa ikipita chini.

Spoki moja ikikatika baada ya miaka, weka nyingine ya urefu na unene uleule, ikaze mpaka sauti ilingane na jirani zake za upande huo, na uwasikilize majirani hao pia, kwani walibeba sehemu yake. Ikikatika ya pili muda si mrefu, ziangalie kona za zilizobaki kwa makini. Ikifika ya tatu upande uleule, acha kubadilisha moja moja: zile nyingine zimetembea umbali uleule na kuchoka vilevile. Toa zote za upande huo, tia mpya pamoja na washa, na uanze tena kwenye oili.